Wanahabari wa mtandaoni Kinampanda na namna ya kuandaa mkutano wenye tija

MIKUTANO mingi ya wadau wa habari nchini hufanana kama mapacha. Bango kubwa hutundikwa nyuma ya meza kuu, mgeni rasmi huchelewa kufika, risala husomwa, picha ya pamoja hupigwa, chakula huliwa na washiriki husaini karatasi ya posho. Ifikapo jioni kila mmoja hurejea alikotoka na fulana mpya, na baada ya wiki moja ni wachache wanaokumbuka hata jina la mtu waliyekaa naye meza moja.

Kwa mwandishi wa Dar es Salaam, hasara ya mkutano wa aina hiyo ni siku moja tu. Kesho yake anaweza kukutana na wenzake katika mkutano mwingine. Lakini kwa kijana anayeendesha chaneli ya video kwa kutumia simu yake ya mkononi huko Kinampanda, wilayani Iramba, mkoani Singida, hasara ni kubwa zaidi, kwa kuwa nafasi ya kukaa pamoja na watu wanaofanya kazi kama yake ni adimu.

Makala haya yanaeleza jinsi wanahabari wa mtandaoni, wanablogu na wazalishaji wa maudhui wa eneo kama hilo wanavyoweza kuandaa mkutano wao wenyewe wa kufahamiana na kushirikiana. Hoja yake ni moja: mkutano upangwe kwa kuanzia na kazi itakayobaki baada ya watu kuondoka, ndipo ukumbi, wageni na chakula vifuate.

Kwa nini wakutane

Kinampanda ni kata isiyo mbali na Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba. Inajulikana zaidi kwa chuo chake cha ualimu, ambacho chimbuko lake ni kazi ya wamisionari wa Kilutheri. Wilaya hiyo ina habari za kutosha: kilimo cha alizeti, uvuvi wa Ziwa Kitangiri, machimbo ya dhahabu ya Sekenke yaliyoanza tangu enzi za Wajerumani, na barabara kuu ya kwenda Mwanza inayoteremka mlima Sekenke kuelekea Shelui.

Hata hivyo, habari hizo hufika mjini kwa nadra, na zikifika mara nyingi huwa ni za ajali au ziara ya kiongozi. Wanaoweza kuzieleza vizuri zaidi ni wale wanaoishi huko. Tatizo ni kwamba katika maeneo ya namna hiyo mwanahabari wa mtandaoni mara nyingi ni mtu mmoja mwenye kazi nyingi. Huyu ni mpiga picha wa harusi, yule ni fundi simu, mwingine ni mwalimu au mwanafunzi. Anarekodi, anahariri, anasambaza na kutafuta matangazo peke yake, na akikosea anabeba lawama peke yake.

Lawama hiyo inaweza kuwa nzito. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 16, inaweka adhabu ya faini isiyopungua Sh5 milioni, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili, kwa anayechapisha taarifa za uongo akijua kuwa ni za uongo au za kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutishia, kutukana, kuhadaa au kupotosha umma. Mwenye kuchapisha uvumi usiku kwa kukosa mtu wa kumuuliza anaweza kujikuta akijieleza mbele ya vyombo vya dola kuhusu alichojua na alichokusudia.

Gharama nayo imekuwa mzigo. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizotangazwa mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe Sh100,000 za maombi, Sh1 milioni za leseni na Sh1 milioni nyingine kila mwaka. Baraza la Habari Tanzania na watetezi wengine wa haki walizipinga katika Mahakama Kuu kanda ya Mtwara mwaka huo huo, lakini hatimaye hawakufanikiwa kuziondoa. Kanuni hizo zilifuatiwa na nyingine za mwaka 2020, ambazo nazo zimefanyiwa marekebisho. Fundisho lililobaki ni kwamba mzigo unaomshinda mtu mmoja unaweza kubebwa na watu kumi wakiungana katika chombo kimoja.

Mifano iliyotangulia

Wazo la wanahabari wa mtandaoni kukutana si geni. Blogu ya mpiga picha Issa Michuzi, iliyokuja kuwa miongoni mwa zinazosomwa sana nchini, ilianza Septemba 2005 mjini Helsinki, Finland. Huko Michuzi alikutana na Ndesanjo Macha, mmoja wa waasisi wa uandishi wa blogu kwa Kiswahili, ambaye alimsaidia kuifungua. Lililotokea ni watu wawili kukaa karibu, mmoja akimwonyesha mwenzake namna kazi inavyofanyika, na matokeo yake yalionekana papo hapo.

Mwishoni mwa mwaka 2006 wanablogu wa Kitanzania, ambao wengi wao walitawanyika ndani na nje ya nchi, walianzisha Jumuiya ya Wanablogu Tanzania, JUMUWATA, kwa kujadiliana kwa njia ya intaneti. Miaka kadhaa baadaye ulianzishwa Mtandao wa Wanablogu Tanzania, unaojulikana kwa kifupi kama TBN.

Nchini Kenya, wataalamu wa teknolojia jijini Nairobi walikuwa wakikutana katika makongamano yanayoitwa BarCamp, mtindo ulioanzia Marekani mwaka 2005. Katika makongamano hayo hakuna orodha ya wasemaji iliyoandaliwa miezi kabla. Washiriki wenyewe huandika mada asubuhi ukutani, kisha hugawanyika kuzijadili. Wazo la kuwa na mahali pa kudumu pa kukutania lilijadiliwa katika mikutano ya namna hiyo, na mwaka 2010 kituo cha iHub kikafunguliwa.

Mifano hiyo ni ya watu na miji tofauti, lakini yote inaonyesha kwamba mkutano huzaa matunda pale washiriki wanapokuwa watendaji. Wakiwa wasikilizaji tu, hurudi nyumbani na daftari lililojaa na mikono mitupu.

Kwanza, kazi itakayobaki

Kamati ndogo ya watu watano inatosha kuanza. Kikao chake cha kwanza kijibu swali hili: mwezi mmoja baada ya mkutano, ni kitu gani kitakuwepo ambacho leo hakipo? Jibu la kwamba washiriki watakuwa wamefahamiana halitoshi. Liwepo jambo linaloweza kuonekana na kuhesabika.

Kwa eneo la Kinampanda, mambo manne yanaweza kufaa. La kwanza ni orodha ya wanahabari wa mtandaoni wa wilaya nzima, yenye majina, ujuzi na vifaa vya kila mmoja. La pili ni utaratibu wa kuthibitisha habari, yaani makubaliano kwamba hakuna atakayechapisha taarifa ya kifo, ajali au ugonjwa wa mlipuko kabla ya kumpata mwenzake aliye karibu na tukio. La tatu ni kuunda kikundi kimoja kitakachoomba leseni na kumiliki vifaa kwa pamoja.

La nne ni habari moja ya pamoja. Tuchukue bei ya alizeti. Mwanahabari mmoja wa Kinampanda anaweza kueleza bei ya kijijini kwake tu. Lakini wanahabari wanne, mmoja akiwa Kinampanda, wa pili Kiomboi, wa tatu Shelui na wa nne Singida mjini, wakiuliza bei siku moja na kuichapisha kwa pamoja, mkulima atajua kama mnunuzi aliyesimamisha gari mbele ya nyumba yake anampa haki au anampunja. Hiyo ni kazi ambayo hata gazeti kubwa la Dar es Salaam haliwezi kuifanya kila wiki, na ni kazi itakayowapa wasomaji sababu ya kuwatafuta.

Waalikwa

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kualika watu wenye majina na kusahau wenye kazi. Washiriki 40 wanatosha. Miongoni mwao wawemo wanaorekodi video, wanaoandika, wapiga picha, watangazaji wa redio za mkoa wanaotumia pia mitandao, wanafunzi wa chuo cha ualimu wenye mwelekeo huo, na fundi mmoja au wawili wa simu na kompyuta. Klabu ya waandishi wa habari ya Singida nayo ipewe taarifa, kwa sababu mwandishi wa gazeti na mwanahabari wa mtandaoni hunywa kisima kimoja.

Wanawake wasialikwe kwa kukamilisha idadi. Mkutano ukipangwa kumalizika usiku, au ukifanyika mahali ambako mama mwenye mtoto mchanga hana pa kukaa, watakuwa wamezuiwa bila mtu kutamka neno. Ni vema shughuli zimalizike saa 10:00 jioni ili kila mmoja apate usafiri wa kurudi kwake kungali na mwanga.

Wako pia maofisa ambao kuwepo kwao kuna faida ya moja kwa moja. Mmoja ni mwakilishi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Kati iko Dodoma. Huyu aulizwe aina za leseni na ada zinazotumika wakati huo, kwa kuwa kanuni zimebadilika zaidi ya mara moja. Mwingine ni Ofisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri. Kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake upangwe upya, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi kilichosajiliwa chenye mpango wa kununua kamera na kompyuta kina haki ya kubisha hodi kama vilivyo vikundi vya ufugaji wa kuku.

Mahali, wakati na barua

Ukumbi wa chuo, shule au kanisa unafaa kuliko hoteli, hasa wakati wa likizo. Una viti, vyoo na jiko, na gharama zake zinavumilika. Kamati ikague mapema mambo matatu: umeme, nguvu ya mtandao wa simu ndani ya ukumbi, na idadi ya soketi za kuchajia. Jenereta ya akiba iwepo. Mkutano wa watu wanaofanya kazi kwa simu hufa pale simu zinapozimika.

Tarehe nayo izingatie maisha ya watu. Singida ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Wakati huo barabara za vijijini huharibika na watu huwa mashambani. Julai na Agosti ni miezi bora, kwa kuwa mavuno yamekwishaingia na njia ni kavu. Aidha, kamati ihakikishe kwamba siku iliyochaguliwa si ya ibada kwa sehemu kubwa ya washiriki wala si ya mnada.

Kuhusu taarifa kwa mamlaka, sheria inataka polisi wajulishwe angalau saa 48 kabla ya mkusanyiko wa hadhara. Kikao cha ndani cha waalikwa si mkutano wa hadhara, lakini ni busara barua ifike kwa Mtendaji wa Kata na nakala kwa Mkuu wa Wilaya, ikieleza madhumuni, mahali, tarehe na idadi ya washiriki. Barua fupi ya mapema huepusha simu nyingi za asubuhi ya mkutano.

Fedha na bahasha

Hapa ndipo mikutano mingi huvunjikia. Kamati inapoanza kwa kutafuta mfadhili, mfadhili ndiye hupanga ajenda. Ni afadhali kuanza na mchango wa washiriki wenyewe, hata kama ni mdogo. Kwa mfano, watu 40 wakichangia Sh10,000 kila mmoja, zitapatikana Sh400,000 za kuanzia, ambazo zinaweza kuelekezwa katika chakula cha mchana, chai, mafuta ya jenereta, karatasi na kalamu. Posho isiwepo. Fedha ikizidi, isaidie nauli za wanaotoka mbali.

Mfadhili akijitokeza apokewe kwa masharti yanayojulikana: ataje anachotoa, jina lake litajwe wazi, na asipewe nafasi ya kuamua habari zipi ziandikwe. Tahadhari hii ni ya lazima zaidi kwa wanasiasa na wafanyabiashara ambao kesho ndio watakaoandikwa. Bahasha inayopokewa na kundi zima ni bahasha vilevile. Mwisho wa siku mweka hazina asome mapato na matumizi mbele ya wote.

Ratiba ya siku

Mkutano uanze saa 3:00 asubuhi kwa utambulisho. Kila mshiriki apewe dakika moja na nusu na aseme mambo matatu tu: ametoka wapi, anajua kufanya nini, na anahitaji msaada gani. Kwa watu 40 zoezi hilo litachukua saa moja. Wasaidizi wawili waandike majibu kwenye karatasi kubwa za manila, upande mmoja ujuzi na upande wa pili mahitaji. Mtu anayejua kuhariri sauti na mtu anayelia kwamba sauti zake ni mbovu wataonana ukutani kabla ya chai.

Saa 4:00 hadi 5:00 iwe ya sheria na leseni, kwa maswali na majibu. Baada ya chai washiriki wapendekeze mada na kugawanyika katika vikundi vya watu wanane hadi kumi. Kila kikundi kifanye jambo kwa mikono: kuhariri video fupi, kupanga maswali ya bei ya alizeti, au kuandika rasimu ya katiba ya kikundi. Asiyeridhika na kikundi alichomo ahamie kingine bila kuomba radhi.

Baada ya chakula, kuanzia saa 8:30 hadi saa 10:00, wote warejee kwa maazimio. Kila azimio liwe na kazi, jina la mhusika na tarehe. Azimio lisilo na jina la mtu ni la hewani, na kuliandika ni kupoteza wino.

Na mgeni rasmi? Mila zetu zinataka kiongozi wa eneo aheshimiwe, na hilo ni jema. Lakini badala ya kumfanya watu wote wamsubiri asubuhi, aalikwe saa ya mwisho ili asikie maazimio na kujibu yale yanayohusu ofisi yake. Atapata la kusema, na washiriki hawatakuwa wamepoteza nusu siku.

Baada ya mkutano

Wengi hudhani kwamba kufungua kundi la WhatsApp ndiko kuunda mtandao. Kundi hilo lina faida zake, lakini halitoshi. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, huduma ya intaneti ilizimwa nchini na kurejea siku kadhaa baadaye. Aliyekuwa na mawasiliano ya wenzake ndani ya WhatsApp pekee alibaki kisiwani. Kwa hiyo orodha ya namba za simu ichapwe kwenye karatasi, kila mshiriki aondoke na nakala, na pawepo watu wawili katika kila kata wanaoweza kupigiwa simu ya kawaida.

Orodha hiyo nayo ina sheria zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu inayoeleweka na zisitumike kwa lingine. Fomu ya usajili ieleze bayana kwamba namba ni kwa ajili ya mawasiliano ya kikundi, na asiyetaka ya kwake ichapwe aheshimiwe. Wanahabari wanaodai uwazi kwa wengine hawana budi kuanza wenyewe.

Wiki mbili baada ya mkutano kamati ikutane tena, ikiwa na karatasi ya maazimio mkononi, na kuuliza kila jina limefikia wapi. Mwezi ukitimia, ile habari ya pamoja ichapishwe siku moja na kwa maneno yaleyale katika kurasa na chaneli zote zilizoshiriki. Kama bei ya alizeti ya Kinampanda, Kiomboi, Shelui na Singida imeonekana mahali pamoja, mkutano utakuwa umefanikiwa hata kama haukuwa na bango.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wanahabari wa mtandaoni wa vijijini wamekuwa kidole kimoja kimoja kwa muda mrefu, kila mmoja na simu yake, leseni yake inayomshinda na hofu yake. Siku moja iliyopangwa vizuri inatosha kuvikutanisha vidole hivyo, na mkulima wa alizeti anayesubiri kujua bei ya kweli atakuwa wa kwanza kuiona tofauti.